Kubakiza picha na klipu kwenye ukubwa wake halisi unapohariri video

Chukua nembo ya pikseli 400 kwa 400 uiweke kwenye taimulaini, yaani mstari wa kupangia klipu, ya 1920 kwa 1080. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, kama hujagusa mipangilio yake, itaikuza mpaka iguse juu na chini, pikseli 1080 kwa 1080, na kingo za maandishi zitalegea. Premiere Pro, programu nyingine ya kuhariri, ikiambiwa isibadilishe vipimo itaiacha ndogo katikati, 400 kwa 400, kama ilivyotoka kwa mchoraji. Sasa fungua sehemu ya vipimo: Resolve inasema Zoom 1.000, Premiere inasema Scale 100. Kwa Premiere, 100 ni pikseli moja ya faili kwa pikseli moja ya fremu. Kwa Resolve, 1.000 ni picha ilivyo baada ya programu kuikalisha kwenye fremu.

Malalamiko mengi ya picha "kuharibika" mara tu inapoingizwa yanaanzia hapo. Kabla ya kuvuta chochote, jua programu yako inahesabu 100 kwa mtindo upi.

Pima faili kwanza

Kwenye Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties" kisha "Details". Kwenye Mac, chagua faili ubonyeze Cmd na I. Kwa video, ifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video, na kwenye Windows ubonyeze Ctrl na J. Ukiona VLC imetaja 1920 kwa 1088 usishtuke: H.264, mfumo wa kubana video, hufunga picha kwa vipande vya pikseli 16 kwa 16, na 1080 haigawanyiki kwa 16, kwa hiyo mistari minane huongezwa wakati wa kufunga na kukatwa wakati wa kuonyesha. Ukubwa wako ni 1080.

DPI, yaani nukta kwa inchi, puuza kabisa. Picha ya 1920 kwa 1080 yenye DPI 72 na nyingine yenye 300 ni sawasawa kwenye video. Namba hiyo ni maelekezo ya mtu wa kuchapa karatasi.

Picha zilizopita WhatsApp zinahitaji jicho la pili. Picha ya simu ya 4000 kwa 3000 ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa njiani, na hakuna kitufe cha kuhariri kitakachorudisha pikseli zilizotupwa. Mwombe mwenye picha aitume kama "Document". Hapo faili hupita bila kuguswa, hadi GB 2. Kwa kazi za harusi, ambapo picha za utotoni za bwana na bibi harusi hufika dakika za mwisho kutoka kwa shangazi wa mkoani, sema hili mapema kwenye kikao cha kamati.

Nembo za PNG nazo zina hila yao. Faili inaweza kuwa 2000 kwa 2000 huku nembo yenyewe ikikaa kwenye pikseli 600 za katikati, zilizobaki zikiwa uwazi mtupu. Programu hupima faili nzima pamoja na uwazi. Kata uwazi huo kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, menyu ya "Image", amri ya "Crop to Content", kabla hujaanza hesabu yoyote.

Hesabu yenyewe

Programu inapokalisha picha ndani ya fremu, inagawanya upana wa fremu kwa upana wa picha, inagawanya kimo cha fremu kwa kimo cha picha, kisha inatumia jibu dogo. Picha ya 4000 kwa 3000 kwenye fremu ya 1920 kwa 1080: 1920 ÷ 4000 ni 0.48, 1080 ÷ 3000 ni 0.36. Inatumika 0.36, picha inakuwa 1440 kwa 1080, na pembeni panabaki weusi wa pikseli 240 kila upande.

Kurudi kwenye ukubwa halisi, gawanya 1 kwa jibu hilo: 1 ÷ 0.36 = 2.778. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye programu inayohesabu 100 kama "imekaa kwenye fremu". Kwa ile nembo ya 400, jibu ni 400 ÷ 1080, yaani 0.370. Klipu ya 1280 kwa 720 inahitaji 0.667. Klipu ya 3840 kwa 2160, yaani 4K, inahitaji 2, na ukiiweka hivyo utaona robo tu ya eneo lake. Robo tatu zimebaki nje ya fremu. Hilo ni jambo la kawaida, hakuna kilichoharibika. Ukubwa halisi wa klipu ya 4K hauwezi kuingia kwenye fremu ya 1080.

DaVinci Resolve

Fungua mipangilio ya mradi kwa Shift na 9, nenda "Image Scaling", tafuta "Mismatched resolution files" chini ya "Input Scaling". Chaguo la kiwandani ni "Scale entire image to fit". Badilisha liwe "Center crop with no resizing", hifadhi. Tangu hapo kila faili inakaa pikseli kwa pikseli, katikati, na kinachozidi fremu kinakatwa.

Mpangilio huu unagusa mradi mzima, hata klipu zilizokwisha kupangwa. Ukiubadilisha katikati ya kazi, kila Zoom uliyoandika kwa mkono itamaanisha kitu kingine: klipu ya 4K uliyoipa 1.2 ilikuwa imevutwa kidogo, sasa imevutwa zaidi ya mara mbili. Ubadilishe siku ya kwanza au usiuguse.

Kama umeshafika mbali, fanya klipu mojamoja. Ichague, fungua Inspector (paneli ya sifa za klipu), shuka hadi "Retime and Scaling", kisha kwenye "Scaling" chagua "Crop". Unaweza kuchagua klipu ishirini kwa pamoja na kuzibadilisha kwa mkupuo mmoja. Njia hii ndiyo ninayoipendekeza kwa kazi zenye mchanganyiko wa kamera, droni na picha za simu: acha mradi ukalishe kila kitu, kisha nembo na picha za skrini peke yake uzipe "Crop".

Video ya simu iliyopigwa wima, 1080 kwa 1920, ikipewa "Crop" kwenye fremu ya mlalo hupoteza pikseli 420 juu na 420 chini. Kichwa cha mtu ndicho hukatika. Rekebisha kwa Position Y badala ya kupunguza Zoom.

Jambo jema la Resolve ni kwamba kwenye ukurasa wa Edit, Zoom hurejea kwenye pikseli za faili asilia. Ukivuta klipu ya 4K iliyokalishwa kwenye 1080 hadi 2.000 hupotezi kitu. Ukungu unaanza ukipita 2. Ila ukizifunga klipu kadhaa kuwa "Compound Clip" kisha ukakuza kifurushi hicho, unakuza picha iliyokwisha kushushwa. Kuza kwanza, funga baadaye.

Premiere Pro

Kwenye Windows fungua "Edit", "Preferences", "Media". Kwenye Mac mipangilio iko chini ya jina la programu. Kwenye "Default Media Scaling" weka "None". Hapa mpangilio unagusa faili zitakazoingizwa baadaye tu. Zilizokwisha kuwa kwenye mradi zinabaki na tabia ya zamani. Wengi hubadilisha, wanaona hakuna kilichotokea, wanadhani programu ina hitilafu.

Kwa zile za zamani, chagua klipu kwenye taimulaini, bofya kitufe cha kulia, ondoa alama ya "Scale to Frame Size". Kisha kwenye "Effect Controls" hakikisha Scale ni 100.

Kwenye matoleo ambayo wengi bado wanayo, "Scale to Frame Size" ina ndugu yake, "Set to Frame Size", na usizichanganye. Ya kwanza huchukua picha ya pikseli 4000, huishusha kuwa saizi ya fremu, halafu huisahau ile kubwa. Ukikuza baadaye, unakuza ile ndogo na ukungu unaonekana. Ya pili hubadilisha namba ya Scale tu, mathalani kuwa 36, na pikseli zote 4000 zinabaki mkononi. Ukitaka picha iingie kwenye fremu leo na kuvutwa karibu kesho, tumia ya pili.

Mtego mwingine ni Warp Stabilizer, efekti ya kutuliza video inayotetemeka. Inadai klipu iwe na vipimo sawa na sikwensi (jina la Premiere kwa taimulaini), kwa hiyo watu huifunga klipu kwa "Nest". Kifurushi kinachozaliwa kinachukua vipimo vya sikwensi mama. Klipu ya 4K iliyo kwenye Scale 100 ndani ya sikwensi ya 1080 hukatwa papo hapo, na robo tatu ya picha haionekani tena kutoka nje. Badala yake, tengeneza sikwensi kutoka kwenye klipu yenyewe, kwa kitufe cha kulia na "New Sequence From Clip", tulizia humo, kisha leta sikwensi hiyo kwenye kazi yako.

Nyingine kwa ufupi

Final Cut Pro: chagua klipu, kwenye Inspector ya video nenda "Spatial Conform", weka "None". Basi.

Kdenlive hukalisha kila kitu kwenye fremu. Weka efekti ya "Transform" kwenye klipu, na kwenye vitufe vyake vidogo bofya kile cha "Adjust to original size". Iweke juu ya efekti nyingine kwenye orodha, maana efekti hufuatana kutoka juu kwenda chini.

Shotcut haina kitufe hicho; ongeza filta ya "Size, Position & Rotate" na uandike vipimo vya faili kwa mkono kwenye "Size". Kwa nembo ya 400 katikati ya 1920 kwa 1080, "Position" ni 760 na 340, yaani nusu ya kinachobaki kila upande.

OpenShot ina sifa ya "Scale" kwenye orodha ya sifa za klipu, chagua "None". After Effects huanzia kwenye ukubwa halisi, na mwenye kuuvuruga kwa kawaida ni mtu aliyebonyeza Ctrl, Alt na F, ambayo hunyoosha picha ijae fremu hata kama uwiano hauendani.

Namba za mahali pia hazifanani. Kdenlive na Shotcut hupima kutoka kona ya juu kushoto. Resolve na Final Cut hupima kutoka katikati, kwa hiyo katikati ni 0 na 0. Premiere huandika mahali pa kiini cha picha, na katikati ya fremu ya 1080 ni 960 na 540. Ukinakili namba kutoka somo la programu nyingine, nembo itaishia nje ya skrini.

Programu zisizo na ukubwa halisi

CapCut hukalisha kila kitu kwenye fremu, na iMovie haina chaguo la pikseli kwa pikseli. Isitoshe, picha mnato kwenye iMovie hupewa mwendo wa Ken Burns, yaani kuvutwa na kusogezwa taratibu, bila kuulizwa, na inabidi uuzime kwa kuchagua "Fit". Unaweza kupiga hesabu ya Zoom, lakini kwenye kioo cha simu kufikia 37% kwa vidole viwili ni kubahatisha.

Iko njia inayofanya kazi kwenye programu yoyote: ipe picha iliyo na vipimo vya fremu tayari, haitakuwa na sababu ya kuibadilisha.

Fungua GIMP, tengeneza picha mpya ya 1920 kwa 1080, na kwenye chaguo za ziada jaza kwa "Transparency". Kwa menyu ya "File" na "Open as Layers" leta nembo. Itatua kwa ukubwa wake halisi. Isogeze ilipo haja, mathalani pikseli 60 kutoka kingo ya kulia na 60 kutoka juu, kisha toa kama PNG kwa "Export As". Ukiiweka juu ya video kama tabaka la pili, inajaza fremu nzima, uwazi unapitisha video iliyo chini, na nembo inakaa palepale kwenye pikseli zake. Kama video ni ya wima, turubai iwe 1080 kwa 1920. Usisahau kwamba kwenye CapCut klipu ya kwanza ndiyo huamua umbo la fremu mpaka utakapochagua uwiano mwenyewe. Chagua uwiano kabla ya kuleta PNG.

Kwa klipu ndogo ya video, ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, hufanya kazi hiyohiyo:

ffmpeg -i ndogo.mp4 -vf "pad=1920:1080:(ow-iw)/2:(oh-ih)/2" -c:v libx264 -crf 16 -c:a copy kubwa.mp4

Klipu ya 1280 kwa 720 inatoka ikiwa na weusi wa 320 kila pembeni na 180 juu na chini, yenyewe haijakuzwa hata pikseli moja. Amri itakataa kama klipu ni kubwa kuliko fremu. Thamani ya crf (kipimo cha ubora, namba ndogo ni ubora zaidi) ya 16 inafunga upya kwa ubora wa juu. Ukiipandisha hadi 23 faili hupungua lakini utaanza kuona tofauti.

Namba ni sahihi, picha bado ina ukungu

Angalia dirisha la kutazamia. Kwa kawaida liko kwenye "Fit", na kwenye kompyuta ya mkononi hiyo inaweza kuwa 40% tu ya fremu. Liweke 100% ndipo uhukumu. Hakikisha pia uchezaji uko kwenye "Full", si "1/2" wala "1/4", na kwamba proksi, yaani nakala nyepesi za klipu, zimezimwa. Skrini ya Windows iliyokuzwa 150% nayo huongeza ukungu wake juu ya kila kitu.

Kisha tazama vipimo visivyogawanyika kwa mbili. Picha yenye upana wa 401 ikikaa katikati ya 1920 inaanzia kwenye pikseli ya 759.5. Hakuna nusu pikseli, kwa hiyo programu inachanganya pikseli jirani na kila mstari mwembamba unakuwa mistari miwili hafifu. Sogeza Position kwa 0.5, au ongeza safu moja tupu ya pikseli kwenye faili. Picha za skrini ndizo huumia zaidi kwa sababu zimejaa herufi nyembamba.

Maandishi mekundu yaliyofifia kwenye faili la mwisho, wakati meupe yako sawa, yana chanzo kingine. H.264 ya kawaida huhifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya kimo; mwanga peke yake ndio hubaki kamili. Hakuna ukubwa halisi utakaoponya hilo. Yazungushie maandishi ukingo mweupe, au ubadilishe rangi.

Jaribio la kumaliza ubishi: tengeneza PNG ya 400 kwa 400 yenye mistari ya wima, pikseli moja nyeupe, moja nyeusi, mpaka mwisho. Iweke kwenye taimulaini, toa fremu moja kama PNG, ifungue kwenye GIMP kwa 800%. Mistari ikiwa safi, uko pikseli kwa pikseli. Ukiona kijivu, au mawimbi yanayopanuka na kubana, kuna mahali picha imekuzwa au kupunguzwa.

Kanda za zamani

Afrika Mashariki ilirekodi kwa PAL, mfumo wa televisheni wa fremu 25 kwa sekunde. Kanda ya harusi ya miaka ya 1990 iliyohamishiwa kwenye kompyuta kwa njia ya DV, aina ya video ya dijitali, huwa 720 kwa 576, lakini pikseli zake si za mraba. Ni pana kidogo kuliko kimo chake. Premiere huzihesabu kwa 1.094, kwa hiyo kwenye taimulaini ya kisasa klipu hiyo inaonekana na upana wa pikseli 788 hivi hata ikiwa kwenye Scale 100. Iache hivyo. Ukilazimisha 720, watu watakonda. HDV, toleo la HD la DV, ya 1440 kwa 1080 ni vivyo hivyo: inanyooshwa hadi 1920 na ndivyo inavyotakiwa.

Kanda hizi pia zina mistari ya kupishana. Ondoa mpishano kwanza, yaani "deinterlace", ndipo ubadilishe vipimo. Ukikuza kabla, kingo za kila kinachosogea zitakuwa na meno kama ya kitana, na hayatoki tena.

Picha kubwa kupita kiasi

Kubakiza pikseli zote hakuna faida kila mara. Picha ya simu ya megapikseli 48, 8064 kwa 6048, ikifunguliwa inachukua karibu MB 195 za kumbukumbu, hata kama faili la JPEG ni MB 10. Weka thelathini za namna hiyo na kompyuta yenye RAM ya GB 8 inagoma. Amua kwanza utaivuta kiasi gani. Kama mwendo wako utaishia kwenye 150%, unahitaji 2880 kwa 1620, basi. Punguza kwenye GIMP kabla ya kuingiza.

Picha kubwa iliyoshushwa kwenye fremu huleta pia kumeta. Paa la mabati, suti ya mistari au kanga yenye nakshi ndogo zikipita taratibu kwenye skrini huanza kutetemeka, kwa kuwa mistari ni myembamba kuliko pikseli inayoionyesha. Premiere ina "Anti-flicker Filter" ndani ya Motion, ianzie 0.3 na kupanda. Kwingineko, ukungu mdogo wa pikseli moja unatosha.

Wakati wa kutoa

Toa kwa vipimo vya taimulaini. Ukihariri kwenye 1080 kisha ukachagua 2160 mwishoni, kila pikseli uliyoilinda inakuzwa mara mbili. Ukijua mteja atataka 4K, badilisha taimulaini kwanza, na hapo programu zinatofautiana tena: Premiere itaacha nembo yako kwenye pikseli 400, ambazo sasa ni nusu ya zilivyoonekana, wakati Resolve iliyo kwenye "Fit" itakuza kila kitu pamoja na fremu. Zile ulizozipa "Crop" zitabaki ndogo.

Kama sehemu ya kazi inahitaji kupunguzwa hata hivyo, washa "Use Maximum Render Quality" kwenye Premiere au "Force sizing to highest quality" kwenye Resolve. Kurenda kutachukua muda zaidi. Na ukitaka klipu zako zitoke mojamoja, kila moja na vipimo vyake vya kamera, kwenye ukurasa wa Deliver wa Resolve chagua "Individual clips" na uweke alama kwenye "Render at source resolution". Toleo la bure linaishia 3840 kwa 2160.